Kaka wa kofia nyekundu pale Kariakoo, asante

Jumamosi iliyopita sikukuuliza hata jina. Nilikuletea kompyuta niliyoiunganisha mwenyewe, gemu zinajifunga kila baada ya dakika kumi, nami nimeshaapa kwamba kadi ya picha ni mbovu (nilikuwa tayari kuiuza kwa hasara!). Wewe kadi hukuigusa. Ulichomeka flashi yenye MemTest86, programu ya kupima RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), tukasubiri. Mistari myekundu ya makosa ikajaa kwenye kioo. Ukaingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, ukashusha kasi ya RAM kutoka 3600 hadi 3200, ukarudia kipimo. Safari hii, hakuna hata mstari mmoja. "Ulikuwa unaikimbiza kuliko pumzi yake," ukasema, ukakataa hata hela ya soda. Jana nimecheza saa nne mfululizo. Aliyebaki hajakushukuru ni mke wangu.