Wifi anasema nalala bure Ulaya, na mume wangu ameitikia

Shangazi, shikamoo.

Ni saa tisa usiku. Umeme umerudi sasa hivi, feni imeanza kuzunguka, baba watoto anakoroma kama hana deni na mtu. Mimi tangu Jumapili sijalala usingizi wa maana, kwa hiyo maneno yakipishana utanisamehe.

Ni wifi yule yule. Safari hii si kiwanja kama mara ile, ni zile pointi za mapumziko za taimushea, yaani klabu ambayo ukinunua uanachama unapata kila mwaka pointi za kulalia kwenye nyumba zake.

Jumapili tulikuwa kwa mama mkwe Nyegezi, sato wa kuchoma mezani, ndugu wamejaa mpaka kibarazani. Wifi akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka asikike hadi jikoni: "Wenzetu wanalala bure Ulaya, sisi wanatunyima hata kona." Nikanyamaza, nikijua mwenye kujibu yupo. Baba watoto akachomoa mwiba mdomoni, akaufuta kwenye ukingo wa sahani, akacheka. "Kulala kweli hatulipi," akasema.

Hatulipi.

Shangazi, mimi si mchoyo. Huyu wifi amekaa kwangu Kirumba miezi minne na watoto wake na sikuhesabu unga. Lakini ile hela ya kununulia taimushea, aliyoitoa mume wangu kule Durban baada ya kukalishwa dakika 90 akisomewa faida, ilikuwa kiingilio tu. Kiingilio unalipa mara moja. Ada ya matunzo inakuja kila Januari, usafiri usisafiri, maana ndiyo inayopaka rangi majengo na kulipa walinzi na bima, na sijaona mwaka ikashuka. Usipolipa, pointi unaziona kwenye skrini ila huwezi kuzigusa. Inafuata ada ya uanachama wa mtandao wa kubadilishana, ule unaotuwezesha kuacha nyumba yetu ya Durban tukalala Hispania. Halafu kila ukibuku wiki moja, ada ya kubadilishana. Pointi za mwaka jana zilizobaki ukitaka zisife uzihamishie mwaka huu, ada. Kinga ya pointi, ili ubalozi ukikunyima viza usirudi mikono mitupu, ada. Yote hayo kwa kadi, na si kwa shilingi, kwa hiyo shilingi ikiteleza na wewe unateleza nayo.

Nani analipa? Dagaa ndio wanalipa. Wewe unajua sokoni Mwaloni, ninakouzia dagaa, kunavyokuwa mwezi ukiwa mpevu: taa za wavuvi hazivuti kitu, mitumbwi inalala. Bili ya Januari hii imenikuta katikati ya mbalamwezi, na mzigo wangu wa Desemba ulinyeshewa mchangani kabla haujakauka. Dagaa wa hivyo unauza kwa watu wa chakula cha kuku na unashukuru. Nikatoa mabondo, vile vibofu vya sangara, niliyokuwa nimeyaweka kwa ajili ya ada ya shule, nikauza, nikalipa.

Baba watoto hajui. Tangu wampunguze kazini nilimwambia klabu imewafutia ada wanachama wa zamani. Usinikaripie, Shangazi. Mwanaume aliyezoea kulipa, ukimwekea mezani bili asiyoiweza unamvunja, na huyu alikuwa ameshavunjika. Nilidhani namsitiri. Sasa aliyesitiriwa anasimama mbele ya mama yake anasema hatulipi, na wifi anaitikia kwa kicheko. Najua unachotaka kusema, kwamba nimejitakia. Kuficha bili ni kitu kimoja na kuchekwa mezani ni kitu kingine.

Ngoja nikupe hesabu, maana wao wanadhani ni suala la roho nzuri na roho mbaya. Tunapata pointi 40,000 kwa mwaka. Nilihamisha 22,000 za mwaka jana, zikawa 62,000. Mtandao wetu unafungua nafasi za watu wa nje miezi 10 kabla, na siku zilipofunguka nilikuwa macho, kwa sababu ukichelewa wiki tatu unakuta zimebaki nyumba zisizo na lifti na wiki za baridi. Nikapata nyumba ya chumba kimoja, yenye jiko, Fuengirola, mji wa pwani kusini mwa Hispania, Jumamosi hadi Jumamosi ya Juni, pointi 46,000. Nilichagua Juni kwa akili: shule zetu zimefunga, za kwao nyingi bado. Nyumba hiyo hiyo Agosti inataka 61,000. Na nilichagua Fuengirola kwa sababu treni ya C1 inatoka uwanja wa ndege wa Málaga kila baada ya dakika 20 na mwisho wake ni pale. Kuna nyumba kwenye ramani unaziona ziko jirani kabisa na bahari, kumbe zimekaa mlimani Mijas, bila gari huendi kununua hata chumvi.

Ni nyumba ya watu wanne. Wawili chumbani, wawili kwenye kochi la sebuleni linalofunguka. Sisi na watoto ni wanne. Wifi anasema yeye na mwenzake wa kikoba "tutabanana, kwani msibani hatubanani?" Nimemweleza kwamba mapokezi wanachukua pasipoti ya kila mtu na kuziandika, na idadi iliyoandikwa kwenye uthibitisho haizidi, ukizidi mnaweza kukataliwa wote mlangoni, na pointi hazirudi. Akaniambia nina roho ya kuhesabu vichwa. Basi ndiyo, ninayo. Nani mwingine atahesabu?

Halafu anataka Paris. Amekwisha waambia kikoba ni Paris. Nyumba nyingi za pointi Ulaya zilijengwa penye jua na ufuo: Costa del Sol na Tenerife kule Hispania, Algarve kule Ureno, Malta. Katikati ya Paris zinahesabika, na zikitokea zinachukuliwa na watu walioweka ombi la kusubiri mapema sana. Unaweza kugeuza pointi ziwe hoteli, ndiyo, na hapo ndipo zinapouawa. Nilijaribu kwenye skrini: siku tatu za hoteli ya kawaida Paris zilitaka pointi nyingi kuliko wiki yetu nzima yenye jiko. Kwa hiyo Paris nimepanga tulale siku mbili kwa fedha taslimu, na bado kuna kodi ya malazi inayotozwa kila mtu mzima kila usiku. Na ziwe chache. Viza ya Schengen, ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, unaiomba kwenye nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Sisi ni Hispania, saba kwa mbili. Wifi akivuta siku kwenda Paris hadi zizidi za Hispania tunabadilisha ubalozi, tunaanza miadi upya, na tarehe zinakimbia: maombi hayapokelewi zaidi ya miezi 6 kabla ya safari, wala chini ya siku 15, na alama za vidole ni Dar, si Mwanza. Euro 90 kila mtu mzima, 45 kwa watoto wangu wawili kwa kuwa wametimiza miaka 6 na hawajafika 12. Bima ya safari yenye kinga ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Uthibitisho wetu wa pointi umeandika jina la baba watoto peke yake na "watu wanne", na ubalozi unataka majina. Nimewaandikia mapokezi Fuengirola mara tatu wanipe barua yenye majina yote kama yalivyo kwenye pasipoti. Mara ya tatu ndiyo wamejibu. Baba watoto alifikiri barua imekuja yenyewe.

Mimi hata hiyo Ulaya siitaki tena, nakwambia kweli. Ningebaki na dagaa zangu. Lakini tikiti za Mwanza–Dar nimeshalipa, na mdogo anajifunza kuhesabu hadi mia kwa Kihispania.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Jumatatu baba watoto ameniambia, kwa upole wake ule, "Si umtafutie dada chumba kingine pale pale, pointi si zimebaki?" Zimebaki 16,000. Studio ya watu wawili wiki ile ni 29,000. Zinapungua 13,000, na upungufu huo unakopwa kwenye pointi za mwakani. Ukikopa za mwakani, klabu inataka ada ya mwakani ilipwe leo, kabla ya kukukopesha. Leo, Shangazi, mwezi bado mpevu! Na mwakani tutabaki na 27,000, wakati wiki moja ya familia hata hapo Diani inataka 30,000. Maana yake ninalipia safari yake kwa likizo ya watoto wangu ya mwaka unaokuja, na yeye ataendelea kuiita bure.

Tena mwanachama mmoja hawezi kulala nyumba mbili kwa usiku mmoja, kwa hiyo studio lazima itolewe cheti cha mgeni kwa jina la wifi, herufi kwa herufi kama pasipoti. Cheti nacho kina ada. Na kina sharti: mgeni haruhusiwi kutozwa pesa, wala chumba kukodishwa. Jana nimesikia kutoka kwa muuza mboga, si kutoka kwake, kwamba wifi ameshapokea laki nane kutoka kwa yule mwenzake wa kikoba, "mchango wa chumba". Chumba gani? Klabu ikijua, akaunti inafungiwa, na akaunti ina jina la baba watoto. Laki nane za chumba cha bure! Mimi ndiye nitaonekana mchawi nikiuliza.

Ndiyo maana nakuuliza kama nimwambie baba watoto ama nisimwambie, namaanisha zile laki nane, ingawa nikifungua hizo itabidi nifungue na ada za Januari, miaka mitatu ya Januari, na sijui mtu anaanzaje sentensi ya namna hiyo. Nikimwonyesha risiti atajua nilimdanganya. Nisipomwonyesha atakuwa na haki ya kusema hatulipi, maana kwa anavyojua yeye ni kweli. Dada yangu wa Sengerema anasema nimtumie tu picha ya bili kwa simu nikiwa Mwaloni nisione uso wake. Hiyo ni njia ya mwoga. Nimeifikiria lakini.

Na tukifika? Mapokezi watazuia dhamana kwenye kadi, na kadi nyingi za benki zetu wakizizuia pesa inachukua wiki kurudi, kwa hiyo lazima kuwe na akiba pembeni ambayo hamuigusi. Kuingia ni saa kumi au kumi na moja jioni, kutoka saa nne asubuhi. Maduka makubwa kule Jumapili unaweza kuyakuta yamefungwa, kwa hiyo Jumamosi ile ile mkiwa na usingizi wa ndege lazima mtu atoke akanunue mchele, mayai, mafuta. Huyo mtu ni nani? Wifi atakuwa anapiga picha ufukweni. Baba watoto atauliza kwa nini tunapika wakati tuko likizo. Tunapika kwa sababu jiko ndilo linalofanya pointi ziwe na maana; familia ya watu wanne ikila mgahawani siku saba imeshalipa hoteli.

Narudi pale pale. Angenyamaza tu. Sikutaka anisifu, sikutaka amgombeze dada yake mbele ya mama. Angechomoa ule mwiba akaendelea kula.

Kufuta nafasi yetu nako nimekuangalia, usiku huu huu. Ukifuta mapema pointi nyingi zinarudi, siku zikisogea zinarudi nusu, mwishoni hupati kitu. Na ada ya kubadilishana haikai kukusubiri. Nikafungua ukurasa wa kufuta, nikaufunga. Badala yake nikaenda kwenye ile studio. Ipo bado, ghorofa ya pili, upande wa nyuma, haioni bahari. Mtandao unakushikilia nafasi hadi siku ya pili bila kukata pointi. Nimeishika. Usiniulize kwa nini, mimi mwenyewe sijui kama nimeishika ili nimpe au ili mtu mwingine asiichukue kabla sijaamua kumnyima.

Kwenye sehemu ya jina la mgeni nimeandika la wifi, lote, kama lilivyo kwenye pasipoti. Picha ya pasipoti alinitumia mwenyewe juzi kwa WhatsApp, imepigwa juu ya meza ya mama mkwe, kona moja inaonekana sahani ya miiba. Chini yake ameandika: "Asante wifi kwa chumba cha bure", na kopa jekundu.

Nafasi inaachiliwa saa sita mchana. Jibu lako najua halitawahi.

Mimi wa Kirumba, Mwanza