Barua ya Kufunga Muhula na Habari za Wageni Wetu wa Filamu

Kwa wazazi na walezi wote,
Bagamoyo.

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Muhula wa kwanza umekwisha salama. Ripoti ya mtoto iko ndani ya bahasha hii, pamoja na tarehe ya kufungua na kiasi cha mchango wa chakula. Ninalotaka kulieleza kwa kirefu ni lile mlilolisikia nusunusu sokoni: wale vijana wenye kamera.

Ni wanafunzi wa chuo kimoja cha Kikristo cha Marekani, wanasomea kutengeneza filamu. Walifikia misheni na kibali cha Bodi ya Filamu walikionyesha. Waliomba watoto wa kuwatembeza: makaburini, makumbusho, kwenye mbuyu uliopandwa tangu mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika mwaka 1868, na kwenye mnara wa kanisa la zamani, ulipolazwa mwili wa David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar.

Kamati ya shule ilikubali kwa masharti. Hakuna mtoto kurekodiwa bila saini ya mzazi, wala kulipwa fedha mkononi, wala kutakiwa kusali au kueleza dini yake mbele ya kamera. Hilo la mwisho tulilisisitiza, maana kwetu Mwislamu na Mkristo wanakaa dawati moja. Wazazi mliokataa kusaini, ilikuwa haki yenu. Watoto wenu waliendelea na vipindi kama kawaida.

Kuna lililotukera. Kijana mmoja aliwaomba watoto wavue viatu ili picha ipendeze. Mwalimu wa zamu alisimamisha kazi palepale. Mzazi hakujinyima akanunua viatu vya shule ili vifichwe nyuma ya mti! Kiongozi wao aliomba radhi mbele ya watoto, na kazi ikaendelea. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Ndivyo alivyozoea kutuona kwenye picha.

Darasa la Saba ndio walionifurahisha. Wageni walikuja na Livingstone kichwani, basi. Watoto wakawasimulia Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, na wenzao, waliobeba maiti yake kwa miguu kutoka nchi ambayo leo ni Zambia hadi pwani hii, na wale watumwa waliokombolewa wakaishi kijiji cha misheni. Binti mmoja akawauliza: mbona mnamuulizia aliyebebwa tu, waliombeba je? Kesho yake walirudi na maswali mapya, na safari hii yalikuwa maswali ya maana.

Kijana wa sauti naye kila adhana ikilia alikatisha mahojiano. Mwishoni aliiacha iingie. Bagamoyo isiyo na adhana ingekuwa ya wapi?

Wameahidi kutuletea filamu kabla haijaonyeshwa popote. Tutaitazama pamoja kwenye kikao cha wazazi. Asiyeridhika na sehemu aliyomo mwanawe aseme hapo, itaondolewa. Kamera moja wametuachia, iko kabatini ofisini kwangu na imeandikwa kwenye daftari la mali ya shule.

Likizoni, tafadhali wakanyeni watoto wanaowakimbilia wageni kuomba pesa. Na sare zenye matundu zishonwe kabla ya kufungua.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu Mkuu