Reli ikifa, hifadhi yake isigawanywe viwanja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie reli zilizokufa, habari ambayo kwetu huishia kwenye vyuma chakavu.

Naishi Pittsburgh, Marekani. Kiangazi kikifika, sisi na shemeji zangu na majirani kadhaa kutoka Kongo tunapanda baiskeli kwenye njia iitwayo Great Allegheny Passage, inayotoka hapa hadi Cumberland, jimbo la Maryland, kilomita 240 hivi. Sehemu yake kubwa ilikuwa njia ya treni ya Western Maryland Railway, iliyoachwa mwaka 1975. Reli ziling'olewa, tuta likabaki. Kipande cha kwanza cha baiskeli kilifunguliwa Ohiopyle mwaka 1986, na njia nzima ikakamilika 2013. Vikundi vya wananchi waliojitolea ndivyo vilivyoisukuma miaka yote hiyo.

Uzuri wake unatokana na udhaifu wa garimoshi. Treni haiwezi mlima mkali, ndiyo maana wajenzi walipasua miamba, wakajaza mabonde na kufuata kingo za mito. Ukitokea Pittsburgh, kwa sehemu kubwa hupandi hata mita moja katika kila mita mia. Mama mkwe wangu, ambaye hakuwa amegusa baiskeli tangu ujana wake, anakwenda sambamba na wajukuu huku akipiga soga (na soga zake hazina kituo). Karibu na Meyersdale kuna daraja la Salisbury, refu kupita mita 580. Ukiwa juu yake unaona mto Casselman, barabara kuu, na ukibahatika, treni ya mizigo ikipita chini yako. Mbele kidogo ndipo kileleni, mita 729 kutoka usawa wa bahari, kisha handaki la Big Savage, urefu wa kilomita moja. Humo ni baridi hata jua likiwaka nje, na watoto hupiga kelele kusikiliza mwangwi mpaka masikio yanauma. Kutoka hapo ni mteremko mtupu, zaidi ya kilomita 30, na wavivu wote wanakuwa mashujaa.

Mimi ni mzaliwa wa Nachingwea, kusini mwa Tanzania. Tulikuwa na reli yetu, iliyojengwa kwa ajili ya ule mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947, ikatuunganisha na bandari ya Mtwara. Karanga zilishindikana, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa na kung'olewa. Sisi watoto wa baadaye tuliisikia kwa wazee tu. Leo inapozungumzwa reli mpya ya Mtwara hadi Mbamba Bay, serikali itabidi itafute ardhi na kulipa fidia, wakati zamani palikuwa na njia iliyokwisha kusawazishwa.

Marekani walikwisha kuliona tatizo hili. Sheria yao ya mwaka 1983 inaruhusu njia ya reli isiyotumika igeuzwe ya waenda kwa miguu na baiskeli, huku ikihesabiwa kuwa akiba ya reli. Siku treni ikihitajika tena, ardhi ipo, haijakatwa vipande.

Najua kuna atakayesema baiskeli za matembezi ni anasa. Basi aende Nachingwea aone baiskeli inavyobeba madumu ya maji, magunia ya korosho na mgonjwa wa kupelekwa zahanati, ikipishana na malori kwenye barabara isiyo na ukingo. Tuta la reli lisilo na mlima wala lori lingemfaa mwendesha baiskeli huyo kabla ya mtalii yeyote.

Reli yetu ya zamani ya kati bado inafanya kazi, na sisemi ifungwe. Lakini treni za reli mpya ya kisasa zimeanza kukimbia kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, na sitashangaa vipande vya ile ya zamani vikikosa kazi. Ombi langu kwa Shirika la Reli na halmashauri ni kwamba kipande kikiachwa, mipaka ya hifadhi yake, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya reli, ipimwe na mawe ya mipaka yawekwe kabla hakijatokea kiwanja hata kimoja. Kuweka kokoto laini na vibao vya njia kunaweza kusubiri bajeti.

Mzaliwa wa Nachingwea,
Pittsburgh, Marekani