Kigari cha mtoto kwenye mchanga na upepo wa Dodoma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na pande mbili: wazazi wanaojiandaa kupeleka watoto kubembea likizo hii, na wenye viwanja vya michezo wanaotukatia tiketi mlangoni. Ukiwa na mtoto wa chini ya miaka 3, matembezi hayo hayaharibiwi na bembea. Yanaharibiwa na ardhi, jua na upepo wa mji wetu, na vyote hivyo vinamkuta mtoto akiwa kwenye kigari.

Nianze na magurudumu, kwa sababu hapo ndipo wengi wanaposhindwa hata kabla ya kufika kwenye bembea ya kwanza. Vigari vingi vinavyouzwa hapa mjini, vipya na vya mtumba, vilitengenezwa kwa sakafu za maduka na njia za lami. Magurudumu yake ni ya plastiki, kipenyo inchi 5 au 6, na yale ya mbele huzunguka kila upande. Kwenye vigae kinakwenda chenyewe. Kikiingia kwenye mchanga wetu au kokoto zilizomwagwa getini ili pawe pasafi machoni, gurudumu la mbele hugeuka ubavu, huchimba, kigari kinasimama ghafla na mtoto asiyefungwa mkanda anachomoka mbele.

Dawa ipo. Karibu kila kigari kina kitufe kidogo juu ya gurudumu la mbele cha kulifunga lisizunguke. Kifunge kabla ya kutoka kwenye lami. Kikikwama bado, usisukume kwa nguvu. Geuka, inamisha mpini kuelekea kwako hadi magurudumu ya mbele yainuke, kisha kivute kinyumenyume kwa yale mawili ya nyuma. Watu watakutazama, waache.

Wenye uwezo hununua kigari chenye matairi ya upepo ya inchi 12 au zaidi. Mchanga yanaumudu vizuri, lakini Dodoma ni nchi ya mbigiri na miiba ya migunga, na pancha haikawii. Bahati nzuri, tyubu ya inchi 12 ya kigari mara nyingi ni ile ile ya baiskeli ya mtoto, kwa hiyo fundi baiskeli yeyote ataitia kiraka. Angalia tu mapema kama vali yake ya kujazia upepo ni ya aina ya gari au ya baiskeli, usije ukaazima pampu isiyoingia. Mimi ningeshauri matairi ya povu gumu: mazito kidogo, ila mwiba hauyafanyi kitu. Na tafadhali, ekseli ikilia usiipake mafuta ya kula. Mafuta hunasa vumbi, vumbi hugeuka tope, na baada ya wiki gurudumu halizunguki. Futa kwa kitambaa kikavu kwanza, ndipo uweke tone la mafuta ya cherehani na kufuta yanayobaki.

Kwa anayenunua mtumba: kifungue na kukikunja mara tano mbele ya muuzaji, ukitazama maungio ya pembeni. Mwaka 2009 vigari takriban milioni 1 vya kampuni moja viliitwa virudishwe huko Marekani baada ya ripoti 12 za watoto kukatwa ncha za vidole na maungio hayo. Mtumba hauji na tangazo la kuitwa. Kama chuma kinakutana na chuma mahali ambapo kidole cha mtoto kinafika, mkalishe mtoto mbali na kigari kila unapokikunja, hasa ukiwa na haraka ya bajaji. Soma pia kibandiko cha uzito. Vingi vya zamani mwisho wake ni kilo 15, na mtoto wa miaka 3 yuko karibu na hapo bila mzigo wowote. Mkoba wa nepi usiutundike kwenye mpini. Mtoto akijisukuma nyuma, kigari kinabinuka na kisogo kinatangulia chini. Weka mzigo kwenye kikapu cha chini.

Mtoto ambaye bado hajakaa mwenyewe asiwekwe kwenye kigari cha kukaa. Awe kwenye kile kinacholala bapa, la sivyo mbeleko inatosha kabisa, na kwenye viwanja visivyo na njia ni bora kuliko kigari cha laki tatu. Ila usipande nayo kwenye mchezo wowote unaozunguka au kushuka.

Sasa jua. Oktoba na Novemba linakuwa karibu na utosi, na kigari chenye kofia fupi hakimsaidii mtoto kitu. Wazazi wengi hutandaza khanga kavu au shuka juu ya kigari chote wakidhani wanampa kivuli. Kivuli kipo, lakini hewa haipiti, na joto la ndani hupanda kuliko la nje. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walipima jambo hili na kuona kwamba kitambaa kikavu huongeza joto ndani ya kigari, ilhali kitambaa chepesi kilicholoweshwa maji, pamoja na feni ndogo, hulipunguza. Anayejua kwa nini maji ya mtungini ni baridi ameshaelewa: maji yakikauka yanaondoka na joto. Hewa ya Dodoma ni kavu, kwa hiyo mbinu hii inatufaa sisi kuliko watu wa Dar es Salaam wanaoishi na unyevu wa bahari. Chukua kitambaa chembamba cha pamba, kiloweshe, kikamue kisidondoke, kitandaze juu ya kofia na ubavu unaopigwa na jua, na uache mbele wazi umwone mtoto. Kiloweshe upya kila baada ya dakika 15 hadi 20. Kikikauka ukakisahau, umerudi kwenye khanga kavu.

Mtoto wa chini ya miezi 6 hapewi maji hata kama jua linawaka. Ananyonyeshwa mara nyingi zaidi. Aliyevuka miezi 6 apewe maji yaliyochemshwa, kidogo kidogo. Fika saa 3 asubuhi uondoke saa 5, au nenda saa 10 jioni. Viwanja vingi huchangamka saa 7 mchana, saa mbaya kuliko zote kwa mtoto mdogo. Kabla ya kumkalisha kwenye bembea au chuma cha kuserereka, weka mgongo wa mkono wako pale kwa sekunde tano. Ukiuondoa kwa sababu ya joto, ngozi yake haiwezi. Vifungo vya chuma vya mkanda wa kigari kilichoachwa juani navyo ni hivyo hivyo.

Kwenye kuserereka kuna kosa linalofanywa kwa upendo. Mzazi anampakata mtoto mapajani wakashuka pamoja. Uzito wa mtu mzima huongeza kasi, kiatu cha mtoto kinanasa ukingoni, mguu unabaki nyuma huku miili miwili ikiendelea kushuka, na mfupa wa muundi unavunjika. Kama hawezi kushuka peke yake, mserereko huo ni mrefu mno kwake. Tafuta mfupi, simama pembeni, mshike kiunoni.

Lakini kinachonitisha zaidi ni yale maputo makubwa ya kurukia. Mtoto wa chini ya miaka 3 asiingizwe humo pamoja na wakubwa hata kwa dakika moja, kwa sababu mkubwa akitua, mdogo anarushwa juu na kuangukia shingo. Hilo wengi wanalijua. La upepo ndilo hatulizungumzii. Kiwango cha Ulaya cha vifaa hivi kinasema puto lisitumike upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa, na lifungwe kwa kamba zisizopungua 6. Kigingi kiwe cha chuma, urefu sentimita 38, unene milimita 16, yaani kama nondo ya milimita 16. Mchanga mkavu haushiki kigingi. Pasipochimbika au pasiposhika, mwongozo wa Uingereza unataka uzito wa kilo 163 kwa kila kamba, zaidi ya mifuko mitatu ya saruji. Ndoo ya maji haitoshi, na jiwe moja halitoshi.

Desemba 2021 huko Devonport, katika kisiwa cha Tasmania nchini Australia, kisulisuli kiliinua puto la kurukia kwenye sherehe ya shule ya msingi. Watoto 6 walikufa, wa miaka 11 na 12. Nani Dodoma hajaona kisulisuli kikizunguka na mifuko na majani kuanzia Agosti? Kwa hiyo mzazi, zunguka puto kwanza uhesabu kamba. Mti mdogo wa mwarobaini ukianza kuyumba mzima, mtoe mtoto. Uliza pia jenereta ina mafuta kiasi gani, maana bloa inayolijaza hewa ikizima, puto linawalalia waliomo. Mwenye kiwanja akicheka swali hilo, amekujibu.

Chakula nitakipitia haraka. Bisi, karanga na kokwa za ubuyu hazimfai mtoto wa chini ya miaka 4. Zabibu zetu, ambazo msimu wake unajaza mabeseni barabarani, ni za hatari kuliko zinavyoonekana: laini, duara, na saizi ya koo la mtoto. Zikate vipande vinne kwa urefu. Asile kigari kikiwa kinasukumwa juu ya mawe.

Sasa kwa wenye viwanja. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka mahali pa umma pafikike, na njia inayompitisha mwenye kiti cha magurudumu inampitisha na mama mwenye kigari. Geti liwe na uwazi wa sentimita 90. Kigari cha pacha kinakaribia 80. Ngazi moja ya sentimita 15 inahitaji mteremko wa sentimita 180, siyo ubao ulioegeshwa. Wekeni benchi moja kivulini lenye pazia la kunyonyeshea, na sehemu ya kuegesha vigari yenye mtu anayevitazama siku za Idd na Krismasi, kwa kuwa hakuna mchezo unaoruhusu kigari na hakuna mzazi mwenye akili atakayemwacha mtoto ndani yake.

Kuna jambo jingine lisilogharimu hata shilingi. Viwanja vya Disney huruhusu wazazi kupokezana: mmoja anapanda na mtoto mkubwa, mwingine anabaki na mtoto mchanga, kisha wanabadilishana bila kupanga foleni upya. Hapa kwetu anayebaki na kigari huambiwa arudi mwisho wa mstari, naye huamua kutopanda, na tiketi yake hamrudishii.

Najua vitofali vya kupanga chini vina bei. Basi anzeni na kokoto: kutoka getini hadi bembea za wadogo, ondoeni upana wa mita moja na nusu, mwageni maji, shindilieni. Watu wawili wenye mafagio na toroli wanamaliza kabla ya saa 5 asubuhi.

Mlezi wa watoto wadogo,
Kisasa, Dodoma.