Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Bustani na Michezo wa mji wetu

YAH: TAA ZA KIWANJA NAMBA 4

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Shikamoo. Umri wako na cheo chako vinanitaka nianze hivyo, na ndivyo nilivyolelewa.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimeshakuandikia mara tatu kwa Kiingereza, Mei, Juni na Julai. Mara zote tatu nilijibiwa na mashine kwamba ujumbe wangu umepokelewa na umepewa namba. Namba zote ninazo. Safari hii naandika kwa Kiswahili, tena hadharani, kwa sababu ni idara yako iliyobandika tangazo la Kiswahili mwezi Machi kwenye ukuta wa duka la kufulia nguo mtaani kwetu, hapa Ohio, Marekani. Tangazo lilisema karibuni kwenye ligi ya mji ya softiboli (mchezo wa kupiga mpira kwa gongo, ndugu wa besiboli), mchezo ni wa watu wote, na mwenye swali atuandikie kwa lugha yake. Nakala yake iko kwenye droo yangu ya jikoni hadi leo. Basi naandika kwa lugha yangu.

Alhamisi iliyopita, saa tatu kasorobo usiku, timu yetu ya jezi za kijani iliingia kiwanja namba 4 kucheza nusu fainali ya kwanza katika maisha yake. Raundi ya tano iliisha tukiwa nyuma, 11 kwa 13. Raundi ya sita tukaanza sisi kupiga, maana tulikuwa timu mgeni, tukapata pointi tatu. 14 kwa 13. Wenzetu wakaja kupiga, tukawatoa wawili. Alibaki mmoja tu, maana wakitolewa watatu zamu yao ya kupiga imekwisha na raundi imekamilika. Mrushaji wetu alikuwa ameshaushika mpira na mguu ameshauweka ubaoni, taa zikazimika. Nguzo zote nne, kwa mpigo mmoja.

Tulisubiri dakika ishirini na tano. Tunaye mzee mmoja kwenye timu aliyekuwa fundi umeme Uvira kwa miaka mingi. Alitutuliza, akasema taa kuukuu za aina ile zikizimika ghafla haziwaki papo hapo, lazima zipoe kwanza. Zilipoa. Hazikuwaka. Saa nne na robo mwamuzi alituita manahodha wawili, akavua kofia, akatusomea kanuni kwa mwanga wa simu: mechi iliyokamilisha raundi tano ni mechi halali, raundi ambayo haikumalizika haihesabiwi, matokeo yanarudi pale raundi kamili ya mwisho ilipoishia. Yaani 13 kwa 11. Pointi zetu tatu zikafutwa kama hazikupigwa.

Simlaumu mwamuzi, kanuni iko hivyo. Siwalaumu wapinzani pia. Nahodha wao alinishika bega akasema hakutaka kushinda namna ile, na wachezaji wake waliwasha taa za magari yao ili tuweze kuokota magongo na glovu zetu kwenye nyasi. Lakini kanuni haikuzima taa, Mheshimiwa.

Sasa nikukumbushe mwezi Aprili. Uliwaita manahodha wote wa timu nane kwenye ukumbi wa maktaba. Mimi nilikaa safu ya pili, upande wa dirisha. Nilinyoosha mkono nikauliza kuhusu kiwanja namba 4, kwa sababu nilikuwa nimepita pale usiku nikaona nguzo ya kushoto ina taa mbili zilizokufa. Ulisimama, ukanijibu mwenyewe, si msaidizi wako. Ulisema viwanja namba 1, 2 na 3 vimeshapata taa mpya za LED, na cha nne kitapata kabla ya sikukuu ya mwisho wa Mei. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga makofi. Siku ileile nikaenda nyumbani nikawaambia wenzangu lipeni, mkurugenzi mwenyewe amesema. Wachezaji 13, dola 50 kila mmoja, idara yako ikapokea dola 650. Sisi ahadi yetu tuliitimiza kabla ya tarehe ya mwisho.

Pengine unajiuliza kwa nini watu wazima wanaumizwa moyo namna hii na mchezo wa Alhamisi usiku. Naomba nikueleze sisi ni nani. Timu yetu ni watu wa Uvira, Bukavu, Bujumbura, Kigoma na wawili wa Mombasa. Tunapakia mizigo maghalani, tunakata nyama kiwandani, tunawaogesha wazee kwenye nyumba za kulelea wazee. Mimi kabla ya kuja Ohio niliishi miaka 14 katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, Tanzania. Kule jua likizama mchezo umekwisha, hata kama mko sare, hata kama mpira uko hatua mbili kutoka golini. Tulizoea. Hatukumdai mtu taa, kwa sababu hakuna aliyetuahidi.

Softiboli hatukuijua. Mwaka wa kwanza tulikuwa tukitazama tu watoto wetu shuleni. Halafu akina mama wakagundua kitu: wote walikua wakicheza rede. Msichana aliyecheza rede uwanjani kila jioni, mpira wa soksi na mwenzako katikati anakukwepa, mkono wake unajua kulenga. Mke wangu analinda besi ya pili, yaani kituo cha pili kati ya vinne ambavyo mpigaji huvizunguka ili apate pointi, na sijaona mwanamume kwenye ligi hii anayetupa kwenda besi ya kwanza kwa unyoofu kama wake. Ligi yetu ni ya mchanganyiko, watu kumi uwanjani, watano wanawake, na bila wao tusingeshinda hata mechi moja.

Nayo mechi moja ilichelewa kuja. Mechi ya kwanza tulifungwa 23 kwa 2, ikakatishwa raundi ya tano kwa kanuni ya kuonea huruma timu dhaifu. Niliwaona wenzangu wakivua viatu bila kusemezana. Ya pili tukafungwa, ya tatu tukafungwa, ya nne tukafungwa. Tulikuwa tukikimbilia mpira watu watatu na besi zikabaki tupu. Mechi ya tano tulishinda 9 kwa 8, na mzee wetu wa Uvira, ambaye ana miaka 58, ndiye aliyeteleza kwenye besi ya nyumbani, ile ya mwisho, na pointi ya ushindi. Tuliimba ndani ya gari hadi majirani wakafungua madirisha.

Wiki iliyofuata ndiyo ile niliyokuandikia mwezi Juni, barua yenye namba ya pili.

Kwa wasomaji wasioujua mchezo huu niseme hivi: katika softiboli yetu mpira hurushwa kutoka chini, unapanda kama upinde, unashuka kwa mpigaji. Akiupiga vizuri unapanda juu kuliko nguzo za taa. Anayeungoja kule nyuma anaupoteza kidogo machoni, kisha anauona tena unapoingia kwenye mwanga. Jina lake linasema mpira laini, na wala si laini. Unajaza kiganja, mgumu, na unashuka na uzito wake wote. Juni hapa jua huzama mnamo saa tatu usiku. Mechi yetu ilianza saa tatu kasorobo, kama kawaida yetu, kwa kuwa kiwanja namba 4 na saa ya mwisho ndivyo tunavyopangiwa karibu kila wiki. Raundi ya nne mpira ulipigwa kwenda kushoto, chini ya ile nguzo yenye taa mbili zilizokufa. Aliyekuwa pale ni dada yetu mmoja, mama wa watoto watatu, anayefanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Aliinua glovu mahali alipodhani mpira utatokea. Haukutokea pale. Ulimpiga chini ya jicho ukavunja mfupa wa shavu.

Wiki tatu hakufanya kazi. Kazi yake haina malipo ya ugonjwa. Kodi ya mwezi ule tulimchangia. Idara yako ilinitumia nakala ya fomu aliyoisaini, ile inayosema mchezaji anaelewa kwamba mchezo una hatari zake. Tulisaini wote, Mheshimiwa, na tulielewa: mtu anaweza kuteguka mguu, anaweza kugongana na mwenzake. Kwenye fomu ile hakuna mahali palipoandikwa giza.

Baada ya hapo mvua. Mechi mbili za Julai zilifutwa, moja kwa radi na moja kwa tope, na hazikurudiwa ingawa kalenda mliyotupa ilitenga wiki moja ya viporo. Niliuliza, nikajibiwa kwamba timu za viwanja vingine ndizo zilizotumia wiki ile. Hapo nusu ya timu walitaka kuacha. Nilizunguka nyumba kwa nyumba. Nilikaa sebuleni kwa watu, nikanywa chai, nikabembeleza. Niliwaambia taa zinakuja. Nilisema hivyo kwa sababu uliniambia wewe.

Wakarudi. Na yule dada akarudi, kovu chini ya jicho, akakataa kuhamishwa kutoka kushoto. Tulicheza mechi nne za mwisho na tukashinda zote nne. Tulimaliza nafasi ya nne kati ya timu nane, ushindi tano na vipigo vitano, tukaingia nusu fainali. Watoto wetu walichora bango. Alhamisi ile walikuwepo wote, na ilibidi niwaeleze gizani kwa nini pointi walizoziona kwa macho yao hazipo.

Nikizungumzia sababu, nitasema ninachokiona. Jirani na kiwanja namba 4 vilijengwa mwaka jana viwanja sita vya pikoboli, mchezo unaofanana na tenisi, vyenye taa kali zinazowaka hadi saa nne usiku. Mzee wetu fundi anaamini vimeunganishwa kwenye njia ileile ya umeme, na kwamba vikiwaka vyote na sisi tukiwasha, mzigo unazidi. Mimi si fundi. Lakini nimeandika usiku wa mechi zetu zote: taa zilipepesa mara tano, na mara zote tano viwanja vile vilijaa. Labda ni zabuni iliyokwama, labda fedha ya kiwanja chetu ndiyo iliyokwenda pale. Wapo wenzangu wanaosema sababu ni sisi wenyewe, rangi yetu na lafudhi yetu, ndiyo maana tunatupwa namba 4 saa ya mwisho. Nimewakatalia mara nyingi mbele ya watu. Siku hizi nawakatalia kwa sauti ndogo, na hilo linaniuma kuliko nusu fainali.

Naomba usinione mtu wa kulalamika. Alhamisi zote za msimu niliacha ovataimu, na mwenye watoto wawili anajua hiyo ni nini. Magongo mawili nilinunua kwa fedha yangu. Gari langu limebeba watu saba kwenda na kurudi, petroli juu yangu, wengine nawashusha moja kwa moja kazini saa tano usiku wakiwa na jezi ndani ya koti. Silidai hilo. Nimelifanya kwa kupenda. Lakini nimechoka kuwa mdomo wa ahadi ya mtu mwingine.

Yule mwamuzi mzee alinisimulia siku moja asili ya mchezo huu, na nimeusoma mwenyewe pia. Mchezo huu ulizaliwa Chicago mwaka 1887, ndani ya jengo la klabu ya mashua ya Farragut, siku ya sikukuu ya Shukrani. Kijana mmoja alirusha glovu ya ndondi, mwenzake akaipiga kwa fimbo, na George Hancock akaifunga kwa kamba ikawa mpira. Novemba nje ni baridi, basi wakacheza ndani, palipo na taa. Mwaka 1895 zimamoto wa Minneapolis, Lewis Rober, akaufanya mchezo wa wenzake kazini, wapate cha kuwanyoosha viungo wakati wakisubiri kengele ya moto. Watu wa zamu, Mheshimiwa. Watu kama sisi. Ndiyo maana tuliposoma tangazo lako tuliamini kwamba mchezo ni wetu pia.

Matokeo ya Alhamisi siombi yabadilishwe. Kombe siombi. Viwanja vya pikoboli visifungwe, wanaocheza pale ni wazee na wanafurahi. Mechi za mvua nimeshazisamehe. Naomba taa. Taa za kiwanja namba 4, na tarehe ya kuwekwa, iliyoandikwa, yenye saini yako.

Usajili wa ligi ya vuli unafungwa Ijumaa ijayo. Wenzangu 12 wananipigia simu kuuliza kama walipe, na mara hii sina cha kuwaambia. Kabla hujajibu, nakuomba jambo dogo. Alhamisi hii hatuna mechi, lakini nitakuwa kiwanjani saa tatu kasorobo usiku. Njoo. Tusimame kushoto, pale chini ya nguzo aliposimama dada yetu. Sitakurushia mpira. Nitakuomba tu uangalie juu.

Wako mtiifu,

Nahodha, timu ya jezi za kijani