Idi ni shukrani kabla ya kuwa nguo mpya

Ndugu Mhariri,

Nashona kanzu na magauni ya watoto hapa Wete, na Ramadhani ndio mwezi unaonipatia riziki kubwa ya mwaka. Ninayoyaandika yanagusa mfuko wangu mwenyewe, lakini nikiyanyamazia yatanikaa rohoni.

Katika kumi la mwisho la Ramadhani iliyopita, baada ya tarawehe, alinijia mama mmoja na kitambaa cheupe cha yadi mbili. Ana watoto watatu wa kiume. Alikitandaza mezani, akakipima kwa mkono, akakikunja, akakipima tena. Nikamwambia kwa kubanabana zitatoka kanzu mbili ndogo, ya tatu haipatikani. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi fundi, shona hizo mbili."

Asubuhi ya Idi nilipotoka kusali niliwaona wawili na kanzu zao. Wa tatu hakutoka. Nguo yake ilikuwa ya mwaka jana, imefuliwa na kupigwa pasi vizuri, na bado alikuwa amejificha nyuma ya mlango. Mtoto wa miaka sita anaona haya siku ya Idi!

Mama yule simlaumu hata kidogo. Idi hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka, na sasa imeangukia miezi ambayo kwa wengi wetu Pemba pesa ya karafuu imeshakwisha. Huku nyuma matangazo hayapoi. Ukishuka Chake Chake, au ukivuka Unguja ukapita Darajani, vipaza sauti vinaita wateja mpaka usiku mkubwa, na simu nazo zinaleta ofa za Idi mfululizo. Sikukuu yetu ni ya siku nne, basi mtoto anaambiwa nguo ya Idi mosi isivaliwe Idi pili. Watu wanakopa kwa ajili hiyo. Biashara ni halali, nami naifanya, lakini sunna ni kuvaa kilicho bora katika ulivyo navyo, na si lazima kiwe kimetoka dukani jana.

Aya ya 185 ya Suratul Baqara, inayotuamrisha kufunga mwezi huu, inamalizia kwa kututaka tutimize hesabu ya siku, tumtukuze Mwenyezi Mungu kwa kutuongoa, na tupate kushukuru. Ndio maana usiku wa Idi tunaleta takbira. Na ndio maana ipo zakatulfitri, pishi moja ya chakula kwa kila kichwa, hata cha mtoto mchanga, imfikie masikini kabla ya sala ili siku ile naye ashibe. Marehemu mama yangu alikuwa akiupima mchele huo mwenyewe, vibaba vinne kwa pishi, kila kibaba akikisawazisha kwa kiganja. Akitutuma gizani kupeleka, tulikuwa na neno moja tu la kusema mlangoni: "Mama anakusalimia." Sikumbuki nguo hata moja niliyovaa Idi za miaka ile. Sauti ya mchele ukimiminwa kikapuni naikumbuka.

Wamarekani nao wana Siku ya Shukrani, ambayo Rais Lincoln aliitangaza kwa taifa zima mwaka 1863, nchi yao ikiwa vitani. Mwaka 1939 Rais Franklin Roosevelt aliitanguliza wiki moja, wenye maduka wakitaka siku za manunuzi kabla ya Krismasi ziongezeke. Majimbo mengine yalikataa kumfuata, mpaka sheria ya 1941 ikaiweka Alhamisi ya nne ya Novemba. Kesho yake sasa ni Ijumaa ya kugombania bei za punguzo. Hata hivyo, familia nyingi kule bado hukusanyika siku ile kula pamoja, na hilo nawapa heshima yake. Idi yetu inafuata mwezi, hakuna mwenye duka awezaye kuitanguliza. Akili zetu ndizo zinazochukuliwa.

Naziomba redio zetu, usiku wa Idi ziachie takbira nafasi, matangazo ya maduka yangoje. Masheikh watukumbushe zakatulfitri mapema, kabla mshahara haujamalizikia kwenye viatu. Kwa upande wangu, Ramadhani ijayo mwenye nguo ya mwaka jana ailete, nitaishusha pindo au kuipanua bila malipo.

Na nyinyi mtakaowapeleka watoto kula sikukuu Tibirinzi, mkikutana na mtoto wa mwenzenu msimuulize nguo yake imenunuliwa wapi. Mpeni mkono wa Idi, mumwingize ndani ale bokoboko na wenzake.

Fundi cherehani,
Wete, Pemba