Simu yangu si shahidi wa serikali

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe Waswahili wenzangu tunaoishi Marekani hukumu ambayo wengi wetu hatuijui. Juni 22, 2018, Mahakama ya Juu ya hapa, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua katika kesi ya Carpenter kwamba polisi wakitaka kumbukumbu za siku nyingi za mahali simu ya mtu ilipokuwa, kwa kawaida lazima kwanza wapate kibali cha hakimu.

Wapelelezi walikuwa wamepata nukta 12,898 za mahali simu ya Carpenter, mtuhumiwa katika kesi hiyo, ilipokuwa kwa siku 127. Hiyo ni zaidi ya mara 100 kwa siku! Kila alipopiga au kupigiwa, mnara wa kampuni ya simu uliandika mahali alipo.

Simu yangu hulala kando ya mto wangu wa kulalia. Alfajiri naenda nayo kazini, jioni zahanati, Ijumaa msikitini. Anayejua ilipo anajua naumwa nini na naswali wapi. Ndiyo maana namshukuru Jaji Mkuu John Roberts aliyeandika hukumu ile.

Lakini mwanya upo. Hukumu haikugusa madalali wa taarifa, yaani kampuni zinazokusanya habari za mahali watu walipo, mara nyingi kupitia programu za simu, na kuziuza, na idara za serikali zimekuwa zikinunua kwao bila hakimu yeyote kuulizwa. Bunge la Marekani liuzibe kwa sheria, na sisi wenye kura tuwapigie simu wabunge wetu tuwaambie hivyo. Na programu ya tochi ikikuomba ruhusa ya kujua ulipo, ikatalie.

Msomaji wako,
Columbus, Ohio